Mzigo Ujulikane Kabla ya Safari

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanatoka Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora. Wengi wanaijua Kwihara kwa lile tembe la Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti: nyumba ya udongo yenye kuta nene, ambayo sasa ni makumbusho. Leo naomba tuitazame Kwihara kama mahali pa kazi. Nitazungumza juu ya ofisi za serikali, juu ya saa za kazi na mahali pa kazi, na juu ya namna ya kumsaidia mtumishi wa umma aufuate utaratibu mpya ambao haumfungi kwenye kiti kimoja na saa zilezile kila siku.

Utaratibu huo unasemwa sana siku hizi, na wengi wakiusikia humfikiria mtu mmoja tu: ofisa aliyekaa nyumbani, kompyuta mpakato mapajani. Huyo yumo, lakini wenzake ni wengi kuliko yeye. Kwa maneno mepesi, mtumishi na mkuu wake wanakubaliana kazi fulani ifanyike saa ngapi na wapi. Yaweza kuwa ofisini, nyumbani, shambani kwa mkulima, au chini ya mwembe katika kijiji kisicho na zahanati.

Na neno langu la leo ni hili. Kumpa mtumishi uhuru wa saa na mahali ni jambo jema, lakini uhuru huo hauzai kazi wenyewe. Kinachozaa kazi ni mzigo kujulikana kabla ya safari. Mtumishi ajue anabeba nini, anakifikisha wapi, lini, na kwa posho gani. Mwananchi naye ajue atahudumiwa wapi na nani. Mambo hayo yakikosekana, hata ukimweka mtumishi ofisini tangu alfajiri hadi usiku, umemweka tu.

Kwa nini niyaseme hayo kutoka Kwihara? Kwa sababu karne moja na nusu iliyopita hapa palikuwa njia panda ya kazi kubwa kuliko zote za bara, na kazi hiyo haikuwa na jengo la ofisi. Unyanyembe, nchi hii inayozunguka Tabora na Kwihara, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kutoka Bagamoyo, na kutoka hapa njia zilitawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Waliobeba biashara hiyo mabegani walikuwa wapagazi, na Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo thelathini, mbali na mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Mbele alitangulia kirangozi, aliyejua njia na aliyeamua watu watue wapi. Mnyampara aliwasimamia watu wa kundi lake. Malipo yalikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na waya, nayo posho ilipangwa kabla watu hawajainua mizigo. Wengi walipanga safari zao kwa majira: kiangazi wako njiani, mvua zikikaribia wanarudi makwao kulima.

Tajiri aliyetoa mtaji alikuwa Unguja. Alikaa miezi mingi, pengine miaka, bila kumwona mtu wake wala mali yake. Hakuwa na kitabu cha mahudhurio. Alikuwa na hesabu ya mizigo iliyotoka, mahali ilipotakiwa kufika, na watu waliojulikana kwa kutimiza ahadi. Nao wapagazi hawakuwa watu wa kuburuzwa. Posho ikikatwa au mzigo ukizidishwa, walitua mizigo chini na kukataa kuondoka mpaka shauri liishe. Wengine waliondoka usiku wakamwachia mwenye msafara mizigo yake.

Siisifu njia ile yote. Kwenye njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakauzwa kama bidhaa, na jasho lao halikulipwa chochote. Hilo lazima tulitaje kila tunapoitaja Kwihara. Ninachokichukua ni sehemu moja ya historia hiyo: ujuzi wa wapagazi wa kulipwa, waliojua kazi yao inaanzia wapi na inaishia wapi, wakaitimiza mbali na macho ya aliyewatuma.

Tena Kwihara ilishuhudia mambo mawili yaliyofuatana, na kila moja lina funzo kwa mkuu wa idara wa leo. La kwanza ni la mwaka 1872. Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, walifika hapa mwezi Februari wakitokea Ujiji. Machi 14 Stanley akaondoka kuelekea pwani, na Livingstone akabaki. Nia ya kuendelea na safari alikuwa nayo, na vifaa alikuwa navyo. Watu hakuwa nao. Ikambidi akae Kwihara zaidi ya miezi mitano, mpaka kundi la watu zaidi ya hamsini lililoajiriwa na Stanley pwani lilipowasili mwezi Agosti. Agosti 25 akaondoka. Kazi nzima ilisimama kwa sababu watu walikuwa upande mmoja na mzigo upande mwingine.

La pili ni la mwaka uliofuata. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakafanya shauri, wakaamua kuupeleka mwili wake pwani. Mwezi Oktoba walifika hapa Unyanyembe, na hapa wakamkuta Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hapakuwa na mkuu wa kuwasimamia, maana mkuu wao ndiye waliyembeba. Waliitimiza kazi hiyo kwa sababu waliiamua wao wenyewe na kila mmoja wao aliielewa.

Msikilizaji, sasa tuhamie ofisini.

Ofisi ya serikali tunayoijua ililetwa na boma la mkoloni, na Tabora tunalijua boma hilo. Ikaja reli, ikafika Tabora mwaka 1912, na saa ya treni ikawa saa ya mji. Boma lilijengwa ili lionekane. Mtumishi alikaa ndani, mwananchi akasubiri nje. Uhuru ulibadilisha wenye ofisi, lakini utaratibu wa kukaa na kusubiri ukaendelea kwa sehemu kubwa. Mpaka leo saa za kazi serikalini ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ukitaka kujua kama mtumishi ni mwaminifu, jambo la kwanza linaloangaliwa ni kitabu cha mahudhurio, au siku hizi mashine ya alama za vidole.

Mahudhurio yana maana yake, na mwananchi aliyetembea toka kijijini ana haki ya kumkuta mtu dirishani. Lakini sote tunalijua lile koti linaloachwa kwenye kiti. Mwenye koti ametoka, koti liko kazini. Unauliza, unajibiwa: "Yupo, subiri kidogo." Kipimo cha kuwepo kimetufundisha kuonekana, na kuonekana si kuhudumia. Mtumishi hodari anayemaliza kazi ya siku kwa saa nne anapata alama sawa na mwenzake aliyekaa saa nane bila kugusa jalada. Huyo wa kwanza hukata tamaa, na serikali humpoteza angali bado kwenye orodha ya mshahara.

Serikali yenyewe imeliona jambo hili. Mwaka 2004 ulianza mfumo wa kupima utendaji unaoitwa OPRAS, ambamo mtumishi na msimamizi wake walitakiwa wakae pamoja, wakubaliane malengo ya mwaka, kisha wayapime. Wazo lilikuwa zuri. Sehemu nyingi fomu zilijazwa kwa haraka mwisho wa mwaka, zikatiwa sahihi, zikawekwa kabatini. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 umekuja mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, unaomtaka mtumishi aingize majukumu yake na hatua aliyofikia, na msimamizi wake aone na kuthibitisha. Mfumo huo ukitumiwa kwa ukweli, tutakuwa tumepata tulichokosa miaka yote: hesabu ya mzigo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni vilevile.

Kwa hiyo njia ya kufanya kazi mbali na kiti imeanza kufunguka. Mwaka 2019 ilitungwa Sheria ya Serikali Mtandao, na Wakala ya Serikali Mtandao ikawa Mamlaka. Kuna e-Ofisi, ambamo jalada linasafiri kwenye mtandao badala ya kubebwa kwapani kutoka chumba hadi chumba. Kuna namba ya malipo ya serikali, ile ambayo watu wanaiita kontroo namba, inayomwezesha mtu kulipa kwa simu akiwa sokoni. Kuna mfumo wa watumishi wa kuomba uhamisho na kushughulikia mambo yao mengine bila kupanda basi.

Hapo naomba nikae kidogo, maana hapo ndipo mwananchi wa Kwihara anapoguswa. Utumishi wa umma katika nchi yetu, kwa idadi, ni walimu kwanza. Kisha wauguzi na waganga, maafisa ugani, watendaji wa vijiji na kata. Hawa hawafanyi kazi kwenye ghorofa. Mwalimu hawezi kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza akiwa kitandani kwake. Muuguzi hawezi kumzalisha mama kwa simu. Kwa hiyo wakubwa wakizungumzia unafuu wa kazi kwa maana ya kubaki nyumbani, watu hawa wanaona hawahusiki, na hudhani ni starehe nyingine ya makao makuu.

Lakini unafuu wao upo, na una sura nyingine. Kwa miaka mingi mwalimu wa kijijini ameacha darasa siku mbili au tatu kwenda mjini kufuatilia mshahara, kupandishwa daraja, malimbikizo au likizo. Darasa lilibaki na chaki na watoto. Kila karatasi inayoweza kwenda yenyewe kwa mtandao inamrudisha mwalimu darasani. Kwake, unafuu wa kazi ni jalada kusafiri ili yeye abaki na wanafunzi.

Afisa ugani naye umwangalie. Mkulima wa tumbaku au mahindi yuko shambani alfajiri, kabla jua halijawa kali, na jioni. Afisa anayetakiwa kusaini ofisini saa 1:30 na kubaki hapo mpaka saa 9:30 anamkosa mkulima mara zote mbili. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na lilikuwa jambo la maana. Pikipiki hiyo ingezaa zaidi kama saa za afisa zingefuata saa za shamba, na mwisho wa juma akaulizwa amewafikia wakulima wangapi na wamebadilisha nini.

Na sekta ya afya imetuonyesha njia zamani. Huduma za mkoba mnazijua. Muuguzi anabeba chanjo kwenye kibebeo cha baridi, anaondoka kituoni siku iliyotangazwa, anawakuta akina mama na watoto mahali palipokubaliwa. Hapo hakuna anayemwita mtoro. Siku inajulikana, mahali panajulikana, idadi ya watoto inaandikwa, na chanjo iliyobaki inarudishwa na kuhesabiwa. Huo ndio utaratibu wa kazi wenye uhuru wa mahali, na tumeufanya miaka mingi bila kuupa jina. Mahakama nayo imekuwa na magari ya mahakama inayotembea tangu mwaka 2019. Kwa nini mtendaji wa kata asiwe na siku yake ya gulio, akafungua meza pale watu walipo?

Tuje sasa kwa watumishi wa mezani. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia, Kenya iliagiza mwezi Machi ofisi ziwaruhusu watu wafanye kazi nyumbani. Kwetu shule zilifungwa kwa muda, ofisi zikaendelea. Kwa hiyo wenzetu wengi duniani walijifunza kazi ya mbali kwa lazima, na sisi hatukupita darasa hilo. Agizo likatufikia baadaye, na kwa sababu nyingine. Januari 27 na 28, 2025, Dar es Salaam ilipopokea mkutano wa viongozi wa Afrika kuhusu nishati na barabara kadhaa zikafungwa, watumishi wa umma wa jiji hilo walielekezwa wafanye kazi nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, baada ya vurugu za siku ya uchaguzi, watumishi walielekezwa tena wafanye kazi nyumbani, na siku hizo intaneti ilikuwa imezimwa.

Nayataja haya kwa sababu moja. Mara zote mbili agizo lilitoka kwa dharura. Amri ya dharura inamweka mtu nyumbani. Haimpi kazi ya kufanya. Mtumishi anayeambiwa usiku kwamba kesho asije ofisini, na majalada yake yako kabatini, na kompyuta ya ofisi imefungwa kwa waya ukutani, amepewa mapumziko. Akiambiwa afanye kazi kwa mtandao na mtandao haupo, ameachwa njiani na mzigo kichwani. Utaratibu wa kazi hujengwa siku za amani, ukajaribiwa, ukarekebishwa, ili siku ya dharura uwe tayari.

Nchi nyingine zimejaribu kuujenga kwa amani. Rwanda, kuanzia Januari 2023, ilisogeza saa rasmi za kazi zikawa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa moja kabla ya hapo mtumishi anaweza kuifanyia kazi akiwa nje ya ofisi. Nia ilikuwa kuongeza tija na kuwapa wazazi nafasi ya kuwaandaa watoto wao. Oman, ambayo wafanyabiashara wake ndio waliojenga matembe ya Kwihara, iliweka mwaka 2022 utaratibu wa mtumishi wa serikali kuingia kati ya saa 1:30 na saa 3:30 asubuhi, mradi akamilishe saa saba. Uingereza, tangu Aprili 2024, mwajiriwa ana haki ya kuomba saa au mahali tofauti tangu siku ya kwanza ya ajira, na mwajiri anatakiwa amjibu ndani ya miezi miwili na ajadiliane naye kabla ya kukataa. Ni haki ya kuomba na kujibiwa. Kukubaliwa kunategemea kazi yenyewe. Hilo la kujibiwa ndilo zuri kuliko yote, maana mtumishi haachwi kwenye giza wala hamtegemei bosi mwenye moyo mwema.

Na sisi tusijione maskini wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Nchi iliyokubali hilo imekwisha kukubali kwamba saa za kazi zinaweza kupinda kwa sababu ya uhai wa watu. Kilichobaki ni kulipanga jambo hilo liwe la kawaida. Katika ofisi ngapi mama huyo anaondoka akiwa na amani, na katika ofisi ngapi anaondoka akiwa ameinamisha kichwa?

Sasa, msikilizaji, tumfikirie mtumishi mwenyewe. Mabadiliko yanatangazwa kwa siku moja, na mtu hubadilika kwa miezi. Tabora tuna mfano mzuri wa jambo hili. Kilichokuwa Chuo cha Uhazili hapa mjini kililea vizazi vya makatibu mahsusi waliosambaa katika ofisi za serikali nchi nzima. Walisoma hatimkato, wakapiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama herufi. Taipureta ikaondoka, kompyuta ikaja, hatimkato ikapoteza nafasi yake. Hata hivyo kutunza siri, kupanga ratiba na kujua jalada lilipo kulibaki na thamani ileile. Waliofundishwa upya, kwa subira, walivuka. Waliorushiwa mashine mezani bila mafunzo walihesabiwa kuwa wavivu, ilhali walikuwa hawajafundishwa. Chuo hicho leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Kazi ya kuwaandaa watumishi kwa utaratibu mpya inaweza kuanzia hapohapo.

Na mafunzo yaanze na wasimamizi. Mtumishi wa chini hujifunza mfumo mpya kwa juma moja. Mkuu wa idara aliyezoea kujua kazi inaendelea kwa kusikia nyayo koridoni ana jambo gumu zaidi: kujifunza kugawa kazi kwa maneno yanayopimika. "Shughulikia hili" haipimiki. "Majibu ya barua hizi kumi yanifikie Alhamisi" inapimika, iwe umekaa chumba cha pili au uko nyumbani kwako Kiloleni. Msimamizi asiyeweza kusema hivyo hatapata kazi nzuri kwa mtu aliye mbali. Na ukweli ni kwamba hakuwa akiipata hata kwa mtu aliye karibu.

Vifaa vifuate. Ukimtuma mtu afanye kazi ya serikali nyumbani, bando ni la nani? Umeme ukikatika, anahesabiwaje? Kompyuta ni ya ofisi au ya mtoto anayeichezea jioni? Tangu mwaka 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na majalada yetu yamejaa taarifa za watu: magonjwa yao, mashamba yao, kesi zao. Jalada la mgonjwa halipaswi kusomwa sebuleni mbele ya wageni, wala picha yake kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Posho ya vifaa na kanuni ya siri ziandikwe kabla ya mtu kuruhusiwa kutoka.

Mipaka iwepo pia. Makundi ya WhatsApp yameifanya siku ya kazi isiwe na machweo. Mkuu anaandika saa 4 usiku, na asiyejibu anaonekana mtovu wa nidhamu. Kwa mwanamke mzigo unakuwa maradufu, maana akibaki nyumbani wengi wanamwona yuko nyumbani tu: ateke maji, apike, amwangalie mgonjwa, apokee wageni, na ripoti ya bosi aimalize wengine wakilala. Kama utaratibu mpya utaongeza saa za mtumishi kimyakimya, basi tumemzidishia frasila bila kumwambia. Saa za kupatikana ziandikwe, na zikiisha mtu aachwe apumzike.

Na mwananchi asilipe gharama ya unafuu wetu. Dirisha la huduma lisifungwe hata siku moja kwa sababu zamu haikupangwa. Wakiwa watumishi wanne, wawili wawepo kila siku, na majina na namba za zamu zibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Bibi aliyetoka kijijini bila simu janja, asiyejua mtandao, ahudumiwe ana kwa ana kama zamani, tena kwa haraka zaidi, kwa sababu foleni imepungua. Utaratibu wowote utakaomfanya bibi huyo arudi mara ya pili umeshindwa, hata kama watumishi wote wanaufurahia.

Haya yote yana mahali pa kuzungumziwa, na mahali hapo tayari papo. Tangu Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 tuna mabaraza ya wafanyakazi katika taasisi za umma, ambamo menejimenti na wafanyakazi hukaa meza moja. Mara nyingi mabaraza hayo hukutana kupitisha bajeti, kisha watu hutawanyika. Wapagazi wa Unyanyembe walifanya shauri lao kabla ya kuinua mizigo, na msafara uliopuuza shauri hilo ulilala njiani. Sisi tuna baraza linalotambuliwa na serikali yenyewe, basi tulitumie. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, TUGHE, TALGWU na Chama cha Walimu, wasisubiri waraka kutoka Dodoma. Walete mezani mapendekezo yao wenyewe: kazi ipi inaweza kutoka ofisini, ipi haiwezi, nani ataanza, na matokeo yatapimwaje baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo ninawaomba watu wa aina tatu. Mkurugenzi wa halmashauri unayenisikiliza, chagua idara moja tu, uijaribu kwa miezi mitatu, upime muda ambao mwananchi anasubiri kabla na baada, kisha uamue kwa hesabu hiyo. Mtumishi mwenzangu, andika kazi zako za juma hili kwenye karatasi moja, uzipeleke kwa msimamizi wako kabla hajakuuliza, maana anayeomba kuaminiwa huanza kwa kuonyesha mzigo wake. Nawe mwananchi, siku utakapokwenda ofisini ukaambiwa fulani anafanya kazi nje leo, usikasirike mapema. Uliza: nani yupo kwa niaba yake, na jambo langu litakamilika lini? Ukipata majibu mawili yaliyo wazi, ofisi hiyo inabadilika vizuri. Usipoyapata, mpelekee diwani wako swali hilo, na uliulize tena mpaka lijibiwe.